Uzi: Wodi moja, lugha sita. Ninayoyaona nikiwa nesi Muscat

NesiWaTanga

Habari za humu wakuu. Mimi ni nesi, mtoto wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa nne hapa Muscat, Oman, hospitali binafsi ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nakula kwao. Nipo wodi ya wanawake, magonjwa ya ndani.

Kila wiki napata ujumbe kutoka nyumbani, mdogo wetu fulani anauliza kuhusu Prometric (mtihani wa leseni), Dataflow (uhakiki wa vyeti), mshahara, nyumba, tiketi ya likizo. Sawa, ni maswali ya maana. Ila hajatokea hata mmoja akaniuliza: mkiwa kazini mnaongeaje? Na hilo ndilo lililonitoa machozi mwaka wa kwanza, wala si joto la mwezi wa sita.

Wodi yetu iko hivi. Manesi wengi wametoka Kerala, kusini mwa India, wanaongea Kimalayalam. Wanaofuata ni Wafilipino na Kitagalogi chao. Waomani wapo na wanaongezeka, maana serikali inataka wenyeji washike ajira. Madaktari ni Wamisri, Wasudani, Wahindi na Mpakistani mmoja. Wafanya usafi ni Wabangladeshi. Afrika Mashariki nzima ni mimi na Mkenya mmoja wa wodi ya upasuaji. Kazi inaendeshwa kwa Kiingereza, mgonjwa anaongea Kiarabu, na chai kila mtu anainywa kwa lugha ya kwao.

Mtasema si kuna Kiingereza? Kipo. Wiki ya kwanza napokea ripoti ya asubuhi, dada wa Kerala ananiambia "bed six, expired". Mimi huyo mpaka kitanda cha sita kuangalia tarehe kwenye dripu. Nikakuta kitanda kimetandikwa upya, shuka limenyooshwa, mtu hayupo. Kwao "expired" maana yake amefariki. Nilisimama pale na kalamu mkononi natafuta chupa ya kutupa.

Siku nyingine nimepiga maabara, Mfilipino akaniambia "for a while". Nikakata simu, nikajua kasema nipige baadaye. Kumbe kwao ni "subiri hapohapo". Nilikata mara tatu. Yule kaka mpaka leo akiona namba ya wodi yetu anacheka.

Na mimi nikawaletea langu. Kanula ya mgonjwa, ule mrija wa dripu mkononi, ilichomoka akijigeuza, damu kidogo kwenye shuka, nikamwambia "sorry mama, sorry". Ndiyo ile pole yetu, ambayo hata mtu akijikwaa barabarani unampa. Bintiye akaenda kushtaki kwamba nesi amekiri kosa. Inchaji, mkuu wa manesi wa wodi, akaniita ofisini: "Kwa nini uliomba msamaha kama hukufanya kitu?" Jaribu wewe kumweleza mtu wa Kerala neno pole kwa Kiingereza, halafu uone.

Haya yanachekesha kwa sababu hayakuua mtu. Tuje kwenye yasiyochekesha.

Habari za kazi hazipiti pale zinapotakiwa kupita. Kuna grupu rasmi la WhatsApp la wodi, Kiingereza kitupu, "kindly be informed", kila mtu anajibu "noted". Halafu kuna grupu la Wakerala, la Wafilipino, na la Waomani kwa Kiarabu. Rosta inabadilika kwenye meza ya chakula hosteli kabla haijabadilika ukutani. Pampu mpya za dripu zilipoletwa, mafunzo yalitangazwa grupu rasmi, lakini saa ikawahishwa kwa maneno ya mdomo, kwa Kimalayalam. Nilifika chumba kimeshafungwa. Usiku ule nikapangiwa wagonjwa wawili wenye pampu hizo, na kwenye karatasi ya mahudhurio kuna saini mbele ya jina langu. Nani aliisaini sijui hadi leo.

Hakuna aliyenichukia, hilo niliseme wazi. Mtu aliyechoka baada ya saa 12 za kazi anaongea lugha isiyomchosha. Lakini wewe uliye nje unabaki kusoma nyuso. Wakinyamaza ukiingia, unajiuliza. Wakicheka, unajiuliza zaidi.

Kisa cha insulini sasa. Mama mmoja alilazwa usiku, mwanawe akaleta kikaratasi cha zahanati ya kijijini kwao chenye dozi yake ya asubuhi, tarakimu za Kiarabu: ١٥. Aliyempokea ni nesi mgeni, Mfilipino, wiki ya tatu tangu ashuke uwanja wa ndege. Angalieni vizuri hiyo namba. Tano ya Kiarabu ni kiduara, sifuri yao ni nukta. Akaandika 10. Siku mbili sukari ya yule mama inapanda, daktari anakuna kichwa, sisi tunamshuku mgonjwa kwamba anakula halua kwa siri.

Nesi wa Kiomani alikiona kile kikaratasi usiku uleule, kilibandikwa mbele ya faili. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akajibu, "Hakuwa mgonjwa wangu, na sikutaka kumuaibisha mgeni mbele ya watu." Nikamuuliza na yule mgeni kwa nini hakuuliza. "Niliona kila mtu anajua, nikaogopa wataniona sijui kazi." Watu wawili wenye adabu zao, katikati yao mgonjwa.

Siku ile nikaacha kuamini kwamba tatizo letu ni lugha. Kinachotumaliza ni "yes". Kwetu ukisema "sawa" unaweza kuwa na maana ya nimesikia. Mhindi akitikisa kichwa kile kitikiso chao, mimi nilikuwa naona hapana kumbe ndiyo, au ndiyo kumbe naendelea kukusikiliza. Mfilipino hakwambii hapana mkubwa wake. Mwomani atakwambia inshallah. Wote tumeitikia, hakuna aliyeelewa, na mkutano umefungwa.

Nina kisa kingine kinachonigusa mimi mwenyewe na Kiswahili chetu. Ngoja nitoke zamu, nitakiweka.

---

Mzee wa Kijiwe

Mkuu, riali si zinaingia lakini? Huku hospitali ya wilaya tunaongea Kiswahili wote na bado dawa hakuna. Vumilia.

---

MkenyaLeeds

@Mzee wa Kijiwe, mshahara hausomi kikaratasi cha insulini.

Dada, mimi niko Uingereza na huku hata wenye Kiingereza chao wanatupoteza. Siku ya kwanza kila mtu ananiuliza "you alright?" Nikaenda chooni kujitazama kwenye kioo, nikidhani naonekana mgonjwa. Kumbe ni salamu. Ajuza mmoja akaniambia anataka "to spend a penny", nikamletea pochi yake. Alikuwa anataka choo, na tulichelewa.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni majina. Nyumbani daktari bingwa akifanya raundi, sisi tumejipanga nyuma yake kama maharusi. Hapa anakwambia mwite Dave. Huku kuna ile kampeni ya "Hello my name is" ambayo Dkt. Kate Granger aliianzisha 2013 akiwa mwenyewe anaugua saratani, baada ya kuona wahudumu wanamgusa bila kujitambulisha. Kitu kizuri kabisa. Lakini mimi miezi sita nilikuwa siwezi kutamka "Dave". Na kwa kuwa siwezi kumwita, nilikuwa simpigii simu. Nasubiri apite. Mgonjwa anasubiri pamoja na mimi.

---

Mwanakwerekwe

Huku kwetu Unguja tuna uzoefu wa zamani. Madaktari wa Kichina wanakuja tangu 1964, wanatoka jimbo la Jiangsu, wanapokezana timu kwa timu. Wapo wanaojifunza Kiswahili mpaka cha utani. Shida ni huyu katikati, mkalimani. Mara nyingi ni nesi aliyekuwa anapita, anavutwa mkono: hebu njoo utafsiri. Mwanamke ana maradhi ya uzazi, mkalimani ni kijana wa mtaani kwao. Unadhani atasema? Atasema tumbo linauma. Daktari atatibu tumbo.

---

Sista_Mstaafu_254

Mimi nilimalizia kazi kaunti moja Kenya wakati wale madaktari 100 kutoka Cuba walipoletwa, mwaka 2018. Watu wazuri, wachapakazi, hawabagui mgonjwa. Lakini wetu alikuwa akisema "placa" kumbe anataka picha ya eksirei, karani anamkimbilia plasta. Tulicheka, kisha tukachoka kucheka. Tulichofanya ni kuchukua kalenda ya zamani, tukaandika nyuma yake maneno arobaini kwa Kispania, Kiingereza na Kiswahili, tukaibandika dirishani. Hakuna aliyetuagiza. Alipoondoka aliiomba aende nayo.

NesiWaTanga, hicho kisa cha Kiswahili kiko wapi, binti yangu? Chai yangu inapoa.

---

NesiWaTanga

Shikamoo mama. Nimerudi, nimelala, nimekula. Mtaniwia radhi.

Wasiojua, Muscat ina Waswahili wengi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi, familia nyingi za Unguja na Pemba zilihamia huku. Wazee wao bado wanaongea Kiswahili ambacho mimi wa Tanga nakionea wivu. Wajukuu wanakisikia, ila wanajibu kwa Kiarabu.

Asubuhi moja naitwa wodi ya pili: njoo, kuna mgonjwa anaongea lugha yako, ameshachanganyikiwa. Nakuta bibi wa miaka themanini na kitu, homa imemshika usiku, Kiarabu kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili. Vyuma vya kitanda wamevipandisha pande zote mbili. Kwenye faili wameandika hajitambui kwa wakati, na daktari ameshaagiza picha ya kichwa.

Aliyemtafsiria ni dada mmoja wa Kiomani, nimwite S. Bibi yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni cha jikoni: njoo, kula, funga mlango. Daktari aliuliza maswali yale ya kawaida ya kupima fahamu. Leo siku gani? Bibi akasema Jumatatu. S akasikia "tatu", na siku ya tatu kwa Kiarabu ni ath-thulatha, yaani Jumanne. Kosa. Mwezi gani huu? Bibi akasema mfunguo sita, yaani mwezi wa sita tangu Ramadhani iishe. S hakuelewa kitu, akamwambia daktari anataja namba tu. Kosa. Saa ngapi sasa? Bibi akatazama ukutani, akasema saa nne. S akatafsiri nne. Daktari naye akatazama ukutani: saa ya pale inaonyesha kumi. Kosa la tatu, kalamu ikaandika.

Wakuu, bibi alipata yote matatu! Ilikuwa Jumatatu, mfunguo sita, saa nne asubuhi.

Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akageuka kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa. "Marahaba! Mtoto wa nani wewe? Hebu waambie watu hawa, wananiuliza saa na saa ipo ukutani, wao hawana macho? Na tangu alfajiri nawaomba maji ya kutawadha, wananiletea ya kunywa."

Nikateremsha chuma kimoja, nikaleta beseni. S alikuwa amesimama pembeni, masikio yamemwiva. Nikamweleza habari ya saa zetu, kwamba tunahesabu tangu jua linapochomoza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe bibi yangu alikuwa hachelewi. Sisi ndio tulikuwa hatumwelewi."

Kutoka hapo mimi na S tukawa marafiki. Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Tukaanza kusalimiana kwa Kiswahili koridoni, kisha kupeana habari za wagonjwa, kisha umbea. Kiswahili chake kikawa kinarudi, nami nikawa najisikia nimepata ndugu. Baada ya miaka miwili ya kusoma nyuso za watu, raha yake siwezi kuieleza.

Mwezi wa pili hivi wa urafiki wetu, yule mgeni wa Kifilipino, yule wa insulini, akanifuata stoo ya shuka. Kwao dada mkubwa anaitwa "ate", ndivyo anavyoniita. "Ate, naomba kuuliza, usikasirike. Wewe na S mkicheka, mnanicheka mimi? Kwa sababu ya ile namba?"

Hata siku moja hatukuwahi kumtaja. Lakini nilikosa la kusema, maana swali lile lilikuwa langu. Nilikuwa nalo mdomoni miaka miwili, sikuwa na ujasiri wa kumpelekea Mkerala yeyote.

---

Mzee wa Kijiwe

Nafuta komenti yangu ya mwanzo. Endelea.

---

Kalamu ya Daktari

Swali la kitaalamu: hamtumii SBAR? Ndiyo dawa ya haya yote.

---

NesiWaTanga

@Kalamu ya Daktari, tunatumia. Kwa wasioijua, ni mpangilio wa kutoa taarifa uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingia hospitalini miaka ya 2000 kupitia Kaiser Permanente, mtandao wa hospitali za huko Marekani: hali ilivyo, historia, unavyoona wewe, unapendekeza nini. Tumebandikiwa kila simu ya wodi.

Nimewasikiliza watu wetu wakipiga simu usiku. Herufi tatu za kwanza tunazimaliza vizuri, Mhindi, Mfilipino, mimi. Ya nne ndiyo mlima. Kupendekeza ni kumwambia daktari wa Kimisri mwenye mvi, "Naomba uje sasa hivi umwone." Ulimi unakataa. Tunaishia "doctor, just informing you". Naye anajibu okay, analala. Asubuhi ukimuuliza anasema, "Hukuniambia nije." Ni kweli, hukumwambia. Mimi nimeshafanya hivyo zaidi ya mara moja.

Kilichotusaidia zaidi ni vitu vidogo. Namba tunazitamka tarakimu moja moja, "one five", maana kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinafanana, na kila mtu ana ulimi wake: Mfilipino P na F zinabadilishana, Mwarabu P inakuwa B, na mimi mwenyewe R na L huniponyoka nikichoka. Oda ya simu unaiandika, unaisoma, aliyekupa anaithibitisha. Kikaratasi chochote chenye tarakimu za Kiarabu husomwa na watu wawili, mmoja awe anayejua Kiarabu. Saa zinaandikwa kwa mfumo wa 24 tu.

Kuhusu lugha, uongozi ulijaribu kupiga marufuku lugha zote isipokuwa Kiingereza, kwa waraka. Ilidumu siku nne. Watu wakaacha kuongea kabisa, na wodi iliyonyamaza inatisha kuliko wodi ya kelele. Inchaji wetu wa sasa, mama wa Kerala, akaweka yake: mbele ya kitanda cha mgonjwa na wakati wa ripoti, Kiingereza au lugha ya mgonjwa. Chumba cha chai, ongea hata Kisambaa. Halafu ripoti ikahamishwa kutoka ofisini, sasa tunapeana kitandani, na anayepokea ndiye anarudia alichosikia. Mwanzoni ilionekana kama dharau, mtu wa miaka kumi na tano kazini unamwambia arudie kama darasa la pili. Inchaji akaanza kurudia yeye mwenyewe, mbele ya wanafunzi. Wengine wakaona haya kukataa.

Magrupu ya WhatsApp bado yapo. Hayo nimeyakubali. Ila rosta ikibadilika sasa ni lazima iandikwe ukutani kwanza, la sivyo haijabadilika.

---

MkenyaLeeds

"Naomba uje sasa hivi umwone." Naandika kwenye kiganja.

---

Mwanakwerekwe

Mmenikumbusha bibi yangu na mifunguo yake. Siku hizi vijana hata hapa Unguja ukiwauliza mfunguo nne ni mwezi gani wanatoa simu.

NesiWaTanga, yule Mfilipino ulimjibuje? Na faili la bibi lilirekebishwa?

---

NesiWaTanga

Yule mdogo wangu nilimwambia ukweli: hatukucheki wewe, na ningekuwa wewe ningedhani hivyohivyo. Kisha nikamwita S, tukamfundisha saa za Kiswahili hapohapo stoo. Sasa hivi tukiwa zamu ya usiku ananipigia simu ya wodi: "Ate, saa tisa, vitals." Anakosea ngeli zote, lakini saa hakosei.

Faili lilirekebishwa. Picha ya kichwa ilifutwa, homa ikatibiwa kama homa, njia ya mkojo ilikuwa na maambukizi. S ndiye aliyeandika marekebisho, akanionyesha kabla hajaweka saini: mgonjwa anajitambua vizuri, anatumia saa ya Zanzibar. Daktari wa zamu ya jioni akaisoma mara mbili, akaja kutuuliza hiyo saa ya Zanzibar ni dalili ya ugonjwa gani.